Upande wa Pili wa Ubao

Mama yangu akikasirika hapigi kelele. Anakuja mpaka ulipo, anasimama mlangoni, ananyamaza mpaka mwenyewe ukumbuke ulipokosea. Alhamisi ile alifika karakana saa tatu asubuhi, mkoba kwapani, na kizingiti hakukivuka.

"Karibu ndani, mama," Randa alimwambia. Randa ndiye mpiga randa wetu, na kwa maneno hajambo. Hata akiwa peke yake utadhani wako watatu. "Pita tu, takataka za mbao haziumi mtu."

"Asante, baba. Hapa panatosha." Kisha akanigeukia mimi. "Watu wa yule mfamasia aliyekuposa wanakuja Jumapili. Wanataka jibu lao."

"Mama, si nilisema nitajibu mashua ikiisha?"

"Itaisha lini?"

"Jumamosi tunaishusha majini."

"Vizuri. Jumamosi itaisha, Jumapili utajibu." Akaiangalia mashua yetu kuanzia mbele hadi nyuma, akavuta pumzi. "Mlitengeneza moja, mwenzenu akaenda nayo hakurudi. Sasa mnatengeneza ya pili. Hivi nyinyi mna akili kweli?"

Randa, mwenye maneno yake, aliinama akajifanya anatafuta penseli. Mwenzetu Kimya, aliyekuwa anapiga misumari upande wa nje, aliweka nyundo chini na kuangalia viatu vyake. Mama aliondoka bila kuaga, nami nikaingia ndani ya mashua, nikatambaa mpaka chini ya sitaha ya mbele, nikakaa huko gizani nikiwa nimenuna. Niseme ukweli, mimi nikinuna nanuna kweli. Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza mara ya kwanza.

Zamani tulikuwa wanne. Randa, Kimya, mimi wanayeniita Pamba kwa sababu kazi yangu nyingine ni kuziba nyufa kwa nyuzi za pamba na kila siku narudi nyumbani zimejaa kichwani, na Mshoto. Tulianza kwa mchezo, marafiki wanne na vifaa vya kuazima, katika jengo lililokuwa gereji. Hatukuwa na mashine hata moja. Kila ubao tuliukata kwa mkono na kuukunja kwa mvuke wa pipa la maji, na watu wakipita walicheka, nasi tulicheka zaidi yao.

Mashua ya namna yetu mbao zake hupandana, na kila mahali zinapopandana hupita msumari wa shaba. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo, mwingine yuko ndani ameshikilia chuma kizito dhidi ya ubao ili msumari usirudi. Ukishapita, wa ndani anaikunja ncha yake. Msumari usiokunjwa ncha hushika siku mbili tatu. Ubao ukilowa ukaanza kucheza, unachomoka.

Sasa wawili hawa hawaonani. Kwa hiyo wanagongeana. Ukigonga mara moja maana yake shikilia. Mbili, ngoja kwanza. Tatu, tayari, twende mwingine. Wa nje alikuwa Mshoto, wa ndani nilikuwa mimi, na mapenzi yetu yaliingia kupitia ubao. Alikuwa na mlio wake wa siri: anagonga mbili nyepesi, halafu anakwaruza kwa ncha ya msumari. Ko-ko, kwaru. Maana yake "upo?" Nami nampigia moja kwa chuma changu: nipo. Siku nzima tulifanya hivyo, watu wazima na akili zetu. Nikitoka jioni naona haya hata kumtazama, naye ananitazama mpaka Randa anauliza kama tumegombana.

Kisha ikaja ile Jumapili aliyoahidi kuja kwetu kujitambulisha. Mama alifua mapazia, akamwita na mjomba wangu. Tulikaa sebuleni mpaka viti vikatuchoka. Mshoto hakutokea. Alibaki karakana kumaliza mashua, akasahau siku. Hebu fikiria, amesahau siku!

Kesho yake nilifanya naye kazi bila kumsemesha. Aliniomba msamaha kupitia ubao asubuhi nzima. "Pamba, nisamehe. Pamba, nitakwenda leo hii, nitampigia mama yako magoti." Ko-ko, kwaru. Sikujibu. Machozi yalikuwa yananitoka na hasira imenikaba, na safu ya mwisho ya misumari, misumari kumi na mmoja, sikuikunja hata mmoja. Niligonga tatu. Tayari. Nikatoka, nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi iliyofuata aliitoa mashua ziwani peke yake kuijaribu. Mashua waliipata. Ubao wa safu ile haukuwepo, na Mshoto hakuwemo. Wote walilaumu mbao, kwamba zilikuwa mbichi. Mimi nilinyamaza, na nimenyamaza miezi kumi na mmoja.

Basi. Huko gizani chini ya sitaha ndiko nilikokuwa nimejikunyata Alhamisi ile, nikisubiri. Na nitakwambia nilichokuwa nasubiri, ukitaka cheka. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu nilipousikia tena ule mlio. Ilikuwa mchana, wenzangu wameenda kunywa chai, nami nakunja ncha huku nalia. Upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na sikio langu: ko-ko, kwaru. Ukarudia. Nikainua chuma, nikagonga moja. Halafu nikacheka, peke yangu, kicheko ambacho nilidhani sinacho tena.

Tangu hapo nilikuwa nakuja kazini mapema na kutoka wa mwisho. Nilinenepa hata. Mama alidhani ni mfamasia ananipendeza.

"Pamba." Ilikuwa sauti ya Kimya, kutoka nje ya ubao.

"Nini?"

"Randa yuko uani anachemsha lami. Nataka kukwambia kitu. Usitoke, nikikuona usoni nitashindwa."

Kimya hakuitwa Kimya bure. Wiki nzima anaweza kutumia maneno ambayo Randa anayamaliza kabla ya kuvua koti. Nikaweka chuma chini.

"Sema."

"Usimjibu mfamasia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda. Nimekupenda tangu hujawa wa Mshoto. Yeye akawa mwepesi wa kusema, mimi nikachelewa. Nikajiambia basi, rafiki yangu amefurahi, na wewe umefurahi."

Sitasema uongo, nilikuwa najua. Mwanamke anajua. Mtu anayekuchongea mpini wa nyundo uenee kiganja chako bila kuombwa, utasema hujui?

"Kimya, mimi..."

"Sijamaliza. Kuna baya zaidi. Ule mlio unaousikia. Mbili na mkwaruzo." Sauti yake ilishuka. "Ni mimi."

Sikuelewa mara moja. Nilibaki nimeutazama ubao, nikiona zile ncha za shaba nilizozikunja zimepangana.

"Unasemaje?"

"Siku moja zamani nilikuwa nafanya kazi huku nyuma ya mashua, nikawasikia wewe na Mshoto mkigongeana. Nikaelewa. Wiki tatu zilizopita nilirudi kutoka kwenye chai nikakukuta unalia humo ndani. Sikujua nifanye nini, Pamba. Maneno sina. Nikagonga. Ukacheka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu alipoondoka, nami nikarudia. Mara nne. Walahi ni mara nne tu."

Nilitoka chini ya sitaha kwa magoti na mikono, kichwa kikagonga mbao, sikujali. Nikasimama katikati ya mashua. Kimya alikuwa amechuchumaa pale nje, nyundo mapajani, uso umemwiva.

"Wewe una roho ya namna gani?" nilimwambia. "Ee? Una roho ya namna gani wewe? Nimelala naongea na mto wangu usiku, namshukuru Mungu amenirudishia hata mlio tu, kumbe ni wewe umechuchumaa hapo na msumari!"

"Nisamehe."

"Usiniambie nisamehe! Neno hilo usilitamke mbele yangu!"

"Nilitaka ucheke."

"Umenifanya mjane mara mbili!" Nilishika chuma changu nikakitupa. Hakikumpata, kilipiga pipa la mvuke likalia karakana nzima. Randa akachungulia mlangoni, mwiko wa lami mkononi, akatuona sura zetu, akarudi uani bila kusema lolote. Randa, bila kusema lolote!

Nilikuwa nalia sasa, na ninapolia maneno hayakatiki. "Na jana je? Jana hukuona haya? Umenisikiliza nikisema yale yote, halafu ukanigongea tatu? Nani alikupa ruhusa ya kunisamehe kwa niaba yake?"

Kimya aliinuka polepole. "Jana?"

"Jana mchana!"

"Pamba, jana sikuwepo."

"Usinitanie."

"Jana nilikwenda mjini na Randa kufuata rangi. Tuliondoka saa tatu, tumerudi saa kumi na moja, wewe mwenyewe ulitupokea makopo." Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa naye. "Mimi niliacha Ijumaa iliyopita. Ijumaa nilisikia unaanza kuongea na ubao, unamwita jina lake, nikaogopa nilichokifanya. Tangu Ijumaa sijagonga."

Nilikaa juu ya mbavu za mashua. Kwa sababu Jumamosi nilikuwa nimeusikia. Jumatatu pia, na Jumanne. Na jana nilikuwa peke yangu, mlango nimeufunga kwa komeo la ndani, na mlio ulikuja kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Kimya aliruka ubavu wa mashua akaingia, akakaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana.

"Ulimwambia nini?" aliuliza. "Jana."

Ningeweza kudanganya. Huyu mtu alikuwa ametoka kuniambia ananipenda, na Mshoto alikuwa rafiki yake tangu shule, walivaa sare za kupokezana. Nilijua nikifungua mdomo nitampoteza naye. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba, na nikamwambia. Nilimwambia misumari yote kumi na mmoja. Nilimwambia tatu zangu za uongo. Nilimwambia mbao hazikuwa mbichi.

Uani mwiko wa Randa ulikuwa ukikoroga lami. Kimya alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, nami sikuthubutu kumgusa.

"Mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi," alisema hatimaye. "Unakumbuka? Tulikubaliana mashua haitoki kabla sijapitisha mkono kwenye kila msumari kwa ndani. Asubuhi ile alinipigia simu kuniita. Nilikuwa na usingizi. Nikamwambia, kama Pamba amegonga tatu, hakuna haja." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Hilo sijamwambia mtu."

Tulitazamana. Sikujua huzuni inaweza kuwa na nafasi ya watu wawili. Nilinyoosha mkono nikauweka juu ya wake, na wake ulikuwa wa moto, umejaa lami na madonge ya gundi, mkono wa mtu aliye hai.

"Na yeye alijibuje?" aliuliza.

"Alinigongea tatu."

"Basi amekusamehe."

"Subiri. Sikumaliza. Nilimwahidi kitu. Nilimwambia Jumamosi alfajiri, kabla nyinyi hamjaamka, nitaitoa mashua hii mwenyewe. Peke yangu. Nitaenda mpaka pale walipoipata ile nyingine. Nilimwambia, 'Nisubiri pale, nakuja.' Ndipo akagonga tatu."

Kimya alinikaza vidole mpaka vikauma. "Hutakwenda."

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani, Pamba? Mshoto ninayemjua mimi angekwambia hujui kuogelea, kaa chini. Mshoto alikuwa anakufunga mwenyewe boya tukivuka mita ishirini tu." Sauti yake ilipanda, mara ya kwanza tangu nimjue. "Anayekuita huko peke yako, mimi simjui!"

Ubao ulio nyuma ya mgongo wangu ukagongwa.

Ko-ko. Kwaru.

Niliuona uso wa Kimya ukipauka, na hapo nikajua kwamba safari hii si masikio yangu. Mikono yake miwili ilikuwa mbele ya macho yangu. Nyundo yake ilikuwa sakafuni. Mwiko wa Randa ulikuwa bado unakoroga uani, nikausikia wazi.

Ko-ko. Kwaru. Upo?

Ulikuwa ni mlio wake. Sasa niliweza kuulinganisha, na nikaona kwamba ule wa Kimya haukuwahi kuufikia. Mkwaruzo ulianza juu ukashuka kushoto, taratibu, kwa kubembeleza, jinsi alivyokuwa akifanya siku zile tukiwa tumegombana. Mwili wangu wote uliutaka. Nisikudanganye, nilikuwa tayari kuinuka na kwenda popote. Nilimpenda mtu yule na sikuwahi kumwambia nimemsamehe kuhusu Jumapili moja ya kipuuzi.

"Mshoto," niliita. Kimya akatikisa kichwa, lakini hakunizuia. "Mshoto, nimekusamehe. Siku ile ile nilishakusamehe, ni maringo tu. Unanisikia?"

Mlio ukaja tena, ukitetemesha ubao mpaka nikausikia kwenye meno. Upo?

"Jibu moja tu linatakiwa hapo," Kimya alininong'oneza. "Na likitoka, Jumamosi utakwenda. Nakujua. Mimi siwezi kujibu badala yako, nimeshafanya hivyo mara nne na ona nilichokifanya."

Machozi yalikuwa yakinidondoka kidevuni. Niliweka kiganja changu juu ya ubao. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa umelowa, wakati mashua ile haijawahi kuona maji.

"Sipo," nilisema. "Sipo, mpenzi wangu. Usinisubiri. Siji."

Nilidhani mashua itapasuka. Haikupasuka. Halafu mlio ukaja kwenye ubao wa pili, mbele kidogo. Upo? Ukaja kwenye ubao wa nyuma. Upo? Ukatoka kwenye mashua kabisa, ukagonga mguu wa meza ya Randa, ukagonga mwimo wa mlango.

"Nani anagonga huko?" Randa aliuliza uani. "Pamba? Kimya? Jamani, acheni mchezo, nina lami ya moto hapa!"

Ukagonga geti la mbao. Ukasogea. Tuliusikia kwenye nguzo za uzio, moja baada ya nyingine, ukiteremka kuelekea ziwani, na kila nguzo uliiuliza swali lile lile kwa upole ule ule, kama mtu aliyepotea njia ya kwao. Ukafika kwenye mbao za gati. Huko ulisimama, ukawa unarudia, unarudia, mbali kabisa, mlio mdogo.

Randa alikuwa ameingia. Alisimama karibu na mashua na mwiko wake unatiririsha lami sakafuni, mdomo wazi.

Nami nilikuwa nimeushika mkono wa Kimya kwa mikono yangu yote miwili, kwa sababu kama mmoja tu ungebaki huru, ningejibu.